Sentimita Kumi na Mbili

Mama ndiye aliyenipa ile kazi. Alinipa akiwa amesimama kwenye mlango wa karakana, mikono kiunoni, asubuhi ambayo kaka yangu alitangaza kwamba anarudi kwenye mashine.

Kaka ni seremala. Karakana nzima inamwita Futi kwa sababu hapimi. Anautazama ubao, anakuambia una futi ngapi, na ukishika tepu kuhakikisha unakuta ni kweli. Jambo hilo limenikera tangu utotoni. Miezi miwili kabla ya asubuhi hiyo, msumeno wa meza ulikuwa umemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, kwa muda usiotosha hata kupiga chafya. Nyumba yetu na karakana zinagawana ukuta, na jiko liko upande huu wa ukuta huo. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, na alijua kabla hajaitwa. Tangu siku hiyo akawa anaonja chakula badala ya kula. Nguo zilianza kumpwaya, naye akajifanya haoni.

"Unarudi wapi?" Mama alimuuliza.

"Kazini, Mama. Jeraha limepona."

"Jeraha limepona. Mimi sijapona."

Kaka akanitazama, kama anavyofanya kila anapozidiwa na Mama, na mimi nikatazama pembeni. Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo.

"Wewe," Mama akanigeukia, "si ndiye unayefunga zile sensa kwenye magari?"

"Ndiyo, Mama."

"Gari likirudi nyuma linalia kabla halijagusa ukuta. Nimelisikia kwa masikio yangu. Watu wanalinda bampa zao. Mkono wa kaka yako umekosa hadhi ya bampa?"

Nilitaka kumwambia kwamba msumeno si ukuta na mkono si gari, lakini Mama akishauliza swali la namna hiyo huwa hatafuti jibu. Kaka aliwahi kabla sijafungua mdomo.

"Akinifungia hicho kitu, utaniacha nifanye kazi?"

"Nikikisikia kinalia, nitakuacha."

Wakaelewana wawili wao, na kazi ikawa yangu. Hakuna aliyeniuliza kama inawezekana.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Redio, ving'ora, taa zinazogoma, sensa za kurudi nyuma, hizo ndizo zangu. Nina hasira za karibu na sipendi mtu asimame nyuma yangu ninapofanya kazi, ndiyo maana meza yangu iko kwenye kona ya chumba changu, imetazama ukuta. Hapo ndipo nilipoketi na sensa mbili nilizozitoa kwenye gari lililogongwa, nikaanza.

Lazima nieleze kidogo sensa hizi zinavyofanya kazi, la sivyo hutaelewa nilipokosea. Ni kidude cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti, kimezibwa pande zote ili maji na matope visiingie. Kinapiga sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, halafu kinanyamaza na kusikiliza mwangwi. Mwangwi ukirudi upesi, kitu kiko karibu. Ukichelewa, kiko mbali. Kidude hicho hicho ndicho mdomo na ndicho sikio. Zipo sensa za aina nyingine zenye mdomo na sikio vilivyotengana, lakini zile ziko wazi mbele, na kwa vumbi la mbao la karakana yetu zingeziba kabla ya saa nne asubuhi.

Shida ya hizi zilizozibwa ni moja. Ukigonga sufuria kwa kijiko, hata ukishaondoa kijiko sufuria inaendelea kuimba kidogo. Kidude kile nacho kikishapiga sauti hubaki kinatetemeka, na kikiwa kinatetemeka hakisikii la mtu. Mwangwi wa kitu kilicho karibu sana unarudi wakati kidude bado kinajiimbia, unapotea humo humo. Kwa hiyo waliokitengeneza wamekiziba sikio kwa muda huo mfupi, na matokeo yake ni kwamba chochote kilicho ndani ya sentimita ishirini na nane hakipo. Kwa gari si tatizo. Dereva mwenye akili timamu anakuwa ameshasimama. Kwa mkono ulio kwenye msumeno, sentimita ishirini na nane ndiyo kazi yote.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu, kukifundisha kifaa kile kuona karibu. Nilikaa nayo wiki tatu.

Kwanza nilifupisha sauti yenyewe. Kilikuwa kinapiga mawimbi kumi na sita kwa mkupuo, nikakipunguzia mpaka manne, maana ukigonga sufuria taratibu haiimbi sana. Kisha nikachomelea rezista sambamba na kidude ili imeze ule mtetemo. Kisha koili. Ndani ya koili kuna kitu kama skrubu kinachozungushwa, na unakizungusha kwa bisibisi ya plastiki kwa sababu ya chuma inakudanganya, unafikiri umepatia kumbe ni chuma chako kilichopatia. Nilikuwa nazungusha kiasi cha unywele, natazama mstari wa kijani kwenye skrini ya oskiloskopu, chombo kinachochora umeme, naona mkia wa mtetemo unafupika, nazungusha tena. Ishirini na nane ikawa ishirini na moja. Ishirini na moja ikawa kumi na saba. Hapo pakagoma siku nne, nami nikamjibu kila mtu vibaya siku zote nne.

Halafu nikapata wazo ambalo nililiona la maana sana. Nikapunguza usikivu wa kifaa katika zile sentimita za karibu tu, nikauacha kamili kwa mbali. Mtetemo uliobaki ulikuwa mdogo. Sikio likizibwa nusu, halitauhesabu. Lakini mkono ulio karibu unarudisha mwangwi mkubwa, na mwangwi mkubwa hata sikio lililozibwa nusu litausikia. Nikajaribu. Kumi na mbili.

Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe. Niliweka rula mezani, nikalaza juu yake mkono wangu wa kushoto, nikausogeza polepole kuelekea kwenye kidude huku king'ora kidogo kikilia ti, ti, ti, kisha haraka haraka, kisha mfululizo, mpaka kwenye sentimita kumi na mbili kinapokata. Nilifanya hivyo labda mara elfu. Mkono wa kaka sikuuomba. Ulikuwa unaishi mfukoni siku hizo. Mezani alikula kwa mkono mmoja, na mtu akiingia aligeuka upande. Nilidhani namheshimu kwa kutouomba. Tena, nilijiambia, mkono ni mkono.

Siku ya kufunga, karakana nzima iliacha kazi. Mzee Randa, mshirika wa kaka, ambaye amepiga randa miaka mingi hadi bega moja limeshuka kuliko jingine, alizunguka meza ya msumeno akikagua kifaa changu kama mtu anayekagua mchumba wa binti yake.

"Kwa nini kisizime mashine kabisa, badala ya kupiga kelele?"

"Mzee, hiyo diski ukikata umeme inazunguka kwa muda gani?"

Akafikiri. "Karibu dakika."

"Basi."

"Na kwa nini usikiweke nyuma huko, mbali?"

"Huko nyuma kitaiona diski kabla ya mkono. Nikikiweka juu kitaona mbao. Hapa ubavuni mwa diski ndipo mahali pekee."

"Haya, Profesa," akasema, na jina hilo likanikaa tangu siku hiyo.

Mashine ikiwa imezimwa, wakapita mmoja mmoja kuweka mikono. Mzee Randa kwanza. Kililia. Yule anayepaka vanishi, mwenye kucha za kahawia, naye akaweka mkono, kikalia, akautoa, akaurudisha, akacheka kama mtoto. Kaka aliweka mkono mwisho. Aliutoa wa kulia. Hilo nililiona, nikadhani ni aibu.

Kililia hadi kumi na mbili, na kutoka upande wa pili wa ukuta Mama akasema kwa sauti, "Nakisikia."

Jioni hiyo alikula sahani nzima, akaongeza. Kaka alinikonyeza kutoka upande wa pili wa meza. Sitakuficha, kichwa kilinivimba. Niliona nimefanya jambo ambalo daktari na dua za majirani wote vilikuwa vimeshindwa.

Zilipita wiki tatu nyingine. Mama alianza kunenepa usoni. Asubuhi alikuwa akiamka anaimba, na mimi nilikuwa napita karakana kwa maringo nikienda kazini, nasikia ti, ti, ti ndani ya kelele za msumeno, naendelea na safari.

Siku moja niliingia kumwomba kaka kipande cha plaiwudi cha kuwekea spika. Alikuwa anapasua fito za madirisha, kanipa mgongo. Nikasimama pembeni kusubiri amalize. Mkono wa kulia ulikuwa unaubana ubao kwenye kingo, ile reli ya pembeni inayouongoza, wa kushoto unasukuma. Mkono wa kushoto ukasogea. Ti. Ti. Ti, ti. Ukaendelea kusogea, na pale nilipotarajia kelele za haraka haraka, kifaa kikanyamaza. Mkono haukuwa umefika sentimita kumi na mbili. Haukuwa umefika hata ishirini. Uliendelea kwenda, kimya kabisa, vidole vitatu na nafasi katikati yake, mpaka ukapita kando ya meno ya diski kwa umbali ambao ningeweza kuuziba kwa kiberiti.

Mtu akiwa kwenye msumeno humwiti. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma. Hata ukiona nyoka mguuni kwake unasubiri ubao uishe. Nikasimama pale na mdomo wazi, na ubao ule ulikuwa mrefu. Akapasua ufito wa kwanza, akachukua mwingine, akapasua wa pili. Nilisubiri ufito wa tatu ndipo akaniona na kuzima.

Diski ilipotulia nilikwenda nikaweka mkono wangu. Kililia vizuri, mfululizo, hadi kumi na mbili, kama nilivyokifunga.

"Lete mkono," nikamwambia.

"Upi?"

"Usinichezee, Futi. Lete mkono."

Akauleta. Nikaushika mwenyewe, mara ya kwanza tangu ajali, nikausogeza juu ya meza. Kwa sentimita arobaini kililia. Kwa thelathini kililia. Kwenye ishirini na tano kikaacha, na kuanzia hapo mpaka kwenye diski hakikusema neno.

Sikuhitaji oskiloskopu kuelewa. Mwangwi unarudishwa na kitu kilichopo. Mkono wangu ni ukuta mdogo. Wa kaka una dirisha katikati. Sauti nyingi ilikuwa inapita hapo na kwenda zake, na kidogo kilichorudi kilikuta sikio nimelizibia nusu, pale pale karibu, kwa werevu wangu. Kwa mbali, ambako sikugusa usikivu, kilimsikia. Kadiri alivyokaribia hatari ndivyo kilivyomsahau. Mzee Randa alikuwa salama, yule wa vanishi alikuwa salama, mimi nisiyekata hata kipande cha mbao nilikuwa salama. Kifaa nilichomtengenezea kaka yangu kilimwona kila mtu isipokuwa yeye.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Siku ile ile. Mlipoondoka nikajaribu."

"Wiki tatu. Mbona hukuniambia?"

Akatoa kalamu ya risasi sikioni, akaitazama ncha yake. "Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningekifungua."

"Ungekifungua, ungekaa nacho wiki nyingine tatu, Mama asikie kimya, arudi kushinda na chai ya rangi tu." Akarudisha kalamu sikioni. "Nikianza kazi nakipungia mkono wa kulia. Kinalia, kinamsalimia Mama. Mama akila, mimi napasua mbao. Kila mtu ana raha yake."

"Na mkono je?"

"Mkono upo."

Nilitamani kumtandika kwa ule ufito. Badala yake nikaanza kulia, na hilo lilinikasirisha zaidi, maana nikilia pua inafunga na sauti inakuwa ya bata. Kaka akanipa kitambaa chake kilichojaa vumbi la mbao. Nikapiga chafya, akacheka, nikacheka na mimi huku machozi yakiendelea kunitoka.

Mama tulimwambia kifaa kinasafishwa. Kwa siku mbili kaka hakugusa msumeno, na kwa siku mbili nilikaa karakana na kaka mbele yangu, mkono wake juu ya meza, rula chini yake. Ule mkono ambao sikuuomba nilipaswa kuuomba siku ya kwanza. Nililijua kovu lake lote siku hizo mbili, jinsi linavyovuta ngozi upande wa gumba, jinsi kidole cha pete kinavyotetemeka kikichoka. Niliongeza usikivu wa karibu. Kifaa kikaanza kusikia mtetemo wake chenyewe na kulia bila kukoma, hata meza ikiwa tupu. Nikaupunguza kidogo kidogo. Mahali pazuri kabisa nilipopata kwa mkono wake palikuwa sentimita ishirini na mbili, na baada ya hapo kimya.

Nikajaribu vidude viwili, kimoja kiwe mdomo, kingine sikio. Meza ni ya chuma cha kumwaga, na sauti ilisafiri ndani ya chuma hicho ikafika kwenye sikio kabla ya mwangwi wowote. Nikakata mpira wa ndani wa tairi, nikavilaza vyote viwili juu ya mpira. Mashine ikiwa imezimwa, kilimsikia mpaka sentimita tisa, na nilipiga kelele ya furaha iliyomfanya Mzee Randa aangushe patasi. Tukawasha mashine. Meza nzima ikatetemeka, na kifaa kikaanza kulia ovyo kama kuku aliyeona mwewe. Nikaongeza mpira. Nikaongeza tena. Hakuna.

"Mvalishe glavu," nikasema mwishowe. "Tujaze pamba kwenye vidole vilivyokosekana."

Mzee Randa aliweka randa chini. Ni mtu wa mzaha, lakini wakati huo hakuwa na mzaha.

"Hakuna glavu kwenye msumeno, binti yangu. Msumeno ukiikamata glavu hauiachi, unaivuta na mwenyewe ndani yake. Wala bati, wala kitambaa, wala uzi. Usimfunge kitu chochote mkononi."

"Basi asukume kwa kijiti."

Kaka akachukua kijiti cha kusukumia kilichokuwa kinaning'inia ukutani, akakishika kwa mkono wa kushoto, akanionyesha. Gumba likabana, kidole cha pete kikajaribu kukutana nalo, kijiti kikazunguka na kuanguka sakafuni. Akakiokota. Kikaanguka tena.

"Kijiti kinashikwa na vidole nilivyoviacha hapa," akasema. "Na nikibadilisha mikono, wa kulia usukume, huu ubane kwenye kingo, hauna nguvu ya kubana. Ubao unarudi kifuani. Nimejaribu yote, mdogo wangu. Usidhani nakaa tu."

"Acha msumeno. Piga randa. Paka vanishi."

"Fito nani atapasua? Mzee macho yamekwisha. Yule wa vanishi ukimpa msumeno tutazika." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ajali niliona kwamba anaogopa, anaogopa kila asubuhi, anawasha mashine hivyo hivyo. "Mimi ni mpasuaji. Nikiacha hapa nitafanya nini, nikae na Mama jikoni tusikilizane?"

Najua koili na rezista, najua kwa nini redio inakoroma na kwa nini taa ya breki inawaka yenyewe. Nilikuwa nimekaa mbele ya mkono wa ndugu yangu siku mbili nzima na vitu vyote ninavyovijua, na vyote havikutosha kuziba nafasi ya vidole viwili.

"Kirudishe kama kilivyokuwa," kaka akasema taratibu. "Kile cha mwanzo. Kinalia vizuri, Mama anakipenda."

"Sitaki."

"Basi kaeleze wewe. Mimi siwezi."

Nikasema nitaeleza. Nikakirudisha kama kilivyokuwa, sentimita kumi na mbili kwa mikono ya watu wengine wote, nikakaza skrubu, nikafuta mikono. Nikatoka karakana, nikaingia nyumbani kumwambia Mama ukweli wote.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta, bakuli la maharage mapajani, anachambua. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile lililokuwa likimpwaya, na sasa lilikuwa limemkaa. Mdomoni alikuwa anatafuna kitu. Nikapanga maneno. Mama, kifaa hakimwoni. Mama, nilikosea, nilipima kwa mkono wangu. Nilikuwa nayo yote ulimini.

"Mama, nataka nikuambie kitu."

"Subiri," akasema, akainua kidole. "Ameanza."

Upande wa pili wa ukuta msumeno uliwaka, ukapanda mpaka kwenye sauti yake ya kawaida. Kifaa kikalia mara tatu nne, kwa nguvu, karibu mfululizo. Nilijua ni mkono wa kulia, unamsalimia Mama.

"Huyo," Mama akasema, akatabasamu. "Anakijaribu kwanza. Siku hizi ana adabu, zamani hakuwa na adabu hata kidogo." Akarudi kwenye maharage. "Mimi sasa nakielewa kuliko hata wewe uliyekitengeneza. Sikiliza. Kikilia polepole hivyo, mkono unakuja. Umesikia? Ti, ti. Unakuja. Sasa hivi utaona."

Ti. Ti. Ti, ti.

Kikanyamaza. Msumeno ukaanza kuuma mbao.

"Umeona?" Mama akasema. "Ameutoa. Kikinyamaza, ndipo napumua."

Alipumua kweli, nikamwona kifua kikishuka chini ya gauni la bluu. Akaokota punje moja mbovu ya maharage, akaitupa. Nyuma ya ukuta ule, futi mbili kutoka mgongoni kwake, mkono wa mwanawe ulikuwa unapita kando ya diski, na upande huu wa ukuta aliyejua nilikuwa mimi peke yangu.

"Ulitaka kuniambia nini?"

Nikautazama uso wake. Ulikuwa umerudi, mashavu na vyote.

"Hamna, Mama. Nilitaka kukuuliza kama unakisikia vizuri."

"Nakisikia vizuri sana, mwanangu. Mungu akuzidishie." Akasogea kidogo kwenye kigoda, akanipigia nafasi kando yake kwa kiganja. "Kaa hapa. Sasa hivi yuko salama, si ndiyo?"

Kifaa kilikuwa bado kimya. Ubao ulikuwa mrefu, nilikuwa nausikia.

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikakaa, nikachukua konzi ya maharage nami nikaanza kuchambua.